Plagi za Baba Mkwe

Kwa miaka yote niliyoishi naye Nakuru, baba mkwe wangu alizungumza nami kupitia gari. Kwetu magharibi, mzee na mke wa mwanawe hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakiongea hawatazamani usoni. Wazee wengi waliohamia mjini waliilegeza desturi hiyo, maana nyumba za mtaani zilikuwa ndogo na mlango ni ule ule mmoja. Yeye hakuilegeza. Akiwa na neno la kuniambia alikwenda mbele ya boneti, akaliambia gari, nami nikiwa karibu nilisikia.

"Leo upepo unatoka ziwani," alisema. "Nguo zikianikwa upande wa barabara zitarudi nyeupe kwa vumbi la magadi, hata zile nyeusi."

Nikazihamisha nguo. Mimi pia sikumjibu yeye. Nilimwambia mtoto niliyembeba mgongoni, "Babu amesema kweli," na mambo yakaenda.

Gari lenyewe lilikuwa limetoka vitani. Jeshi lilipoliuza, mkulima mmoja Mzungu wa Njoro alilichukua, akampelekea seremala wa Kihindi pale mjini alijengee bodi ya mbao yenye viti vya kutosha mke, watoto na mbwa. Baba mkwe aliliendesha miaka kadhaa akiwa dereva wa nyumba hiyo, na mkulima alipochoka na ngano akarudi kwao, gari likabaki kwake. Magurudumu yote manne yalivuta. Lilikuwa juu sana, hivyo mama mkwe alipanda kwa kukanyaga kigoda. Lakini lilipofika mtaani kwetu lilikuwa limeshazeeka. Milango ilifungwa kwa kamba, na mvua ya masika ikizidi, uyoga mdogo uliota kwenye mbao chini ya dirisha la nyuma. Mama mkwe aliung'oa kimyakimya kabla jirani hawajauona.

Jumamosi ilikuwa siku ya plagi. Plagi ni kile kidude cha chuma chenye shingo ya kauri nyeupe, kinachotoa cheche ndani ya injini ili petroli iwake. Gari letu lilikuwa nazo sita, zimepangwa mstari mmoja. Madereva wengine walizikumbuka gari likianza kusumbua. Yeye alizitoa kila Jumamosi, lisumbue lisisumbue, akishamaliza chai ya saa nne. Kwanza alipuliza vumbi lililojikusanya kwenye mashimo yake, kwa mdomo, mashavu yamevimba, kwa sababu uchafu ukidondoka ndani ya injini hautoki tena kwa urahisi. Kisha alivua waya mmoja, akafungua plagi moja, akaiangalia, akairudisha, ndipo akaenda kwa ya pili. Hakuvua waya zote kwa mpigo. Zikichanganywa, cheche inakuja wakati usio wake na gari linapiga mshindo kama bunduki, na miaka ile hakuna aliyetaka mshindo wa bunduki nje ya nyumba yake.

"Tuone limekula nini," alisema kila mara akiinua ya kwanza.

Rangi ya ncha ndiyo iliyomwambia. Ikiwa kahawia, kama chai iliyotiwa maziwa ya kutosha, alinyamaza. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi ya sufuria, alisema petroli inaingia nyingi. Ikiwa nyeusi na inateleza, mafuta ya injini yalikuwa yakipenya mahali yasipotakiwa, na hapo alikunja uso akasugua kwa brashi ya waya. Nyeupe kama mfupa ilimtisha zaidi. Ilimaanisha injini inachemka, na njia ya kwenda kwetu ina milima.

Niliingia kwenye shughuli hiyo kwa sababu ya kitambaa. Mama mkwe alinituma na kikombe cha chai, nikakiweka juu ya sanduku la vifaa, nikageuka niondoke. Baba mkwe akaliambia gari:

"Kungekuwa na mtu ana kitambaa kisicho na nyuzi zinazotoka, kazi hii ingekuwa nzuri."

Nikaleta nepi ya zamani. Jumamosi iliyofuata kitambaa kilitakiwa tena, na iliyofuata, hadi mama mkwe akaacha kunituma na mimi nikaacha kusubiri kutumwa. Hakunipa kitu mkononi. Alikiweka juu ya madigadi, lile bati linalofunika gurudumu, nikakichukua pale, nikakifuta, nikakirudisha pale pale. Kwa njia hiyo nilijifunza kupima ule mwanya mdogo kati ya ncha ya plagi na kiulimi chake cha chini, kwa kuingiza kibamba chembamba cha chuma kinachopaswa kupita kwa kusitasita. Nilijifunza kuanza kufunga plagi kwa vidole, siyo kwa spana, ili nyuzi zake zisiharibike. Aliyafundisha yote hayo akilitazama gari, kana kwamba gari ndilo lisilojua.

Mume wangu hakupenda mafuta. Alikuwa karani wa mizigo pale stesheni, shati lake lilikuwa jeupe, na kila alipotokea mlangoni siku ya Jumamosi baba yake alipata kasoro. Mara kola, mara viatu, mara mwendo. Walipendana kwa mbali. Wakiwa karibu waligombana, na mada ya ugomvi haikuwa na umuhimu wowote. Nimewahi kuwasikia wakibishana kama mvua ilinyesha jana au juzi.

Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa aliyekataza watu kuimba ndani ya gari lake, hata nyimbo za dini, hata siku ya kwenda kanisani. Alisema anataka kuisikia injini. Tulipanda tumenyamaza kama tunaopelekwa kortini, tukafika, tukashuka, na ndani ya kanisa yeye ndiye aliyeimba kwa sauti kubwa kuliko wote. Hakuvumilia mtu mwingine aliseme vibaya gari, lakini yeye alilitukana kwa lugha yetu kwa maneno ambayo mama mkwe aliyafunika kwa kukohoa. Alikataa kuwapa lifti wanaume. "Wana miguu," alisema. Wanawake waliobeba makopo ya maziwa au mizigo ya kuni aliwasimamishia gari popote, hata kwenye mteremko ambapo kulianzisha tena gari ilikuwa taabu, na hakuwaambia neno tangu kupanda hadi kushuka.

Lililonishangaza zaidi ni habari ya plagi mpya. Alihubiri kwamba plagi iliyochoka ibadilishwe mapema, usiingoje ikuaibishe njiani. Madereva wa malori walikuja kumwuliza, naye aliwafokea kwa kuchelewa kuzibadilisha. Lakini yeye mwenyewe alisugua zile zile kuukuu mpaka ncha zake zikawa butu kama meno ya ng'ombe. Plagi mpya alikuwa nayo moja. Ilikaa chini ya kiti chake ndani ya karatasi yake ya dukani, na kila aliyemwuliza ataitia lini alijibiwa, "Siku yake haijafika." Zilizokufa kabisa hakuzitupa pia. Alizitia kwenye mkebe wa maziwa ya unga, akatembea nao garini.

Mkebe huo ulimponza. Ilikuwa wakati wa emajensi, ile hali ya hatari serikali ilipokuwa ikiwasaka waasi wa msituni; vizuizi vya askari vilikuwa kila mahali, na tulisimamishwa karibu na Gilgil tukitoka kumtembelea jamaa mgonjwa. Askari kijana aliinua mkebe, ukalia, akaumwaga barabarani.

"Hizi ni za nini, mzee?"

"Ni plagi."

"Naona ni plagi. Ni za nini?"

"Zimekufa."

"Mtu anatembea na vitu vilivyokufa kwa nini?"

Baba mkwe alifikiri. Mtu mwingine angesema anazipeleka kwa fundi, au ni za kuchezea wajukuu, tukapita. Yeye alisema, "Sijui." Nami nadhani alisema kweli. Siku zile watu walitengeneza bunduki kwa mabomba ya maji na vyuma vya milango, kwa hiyo mzee mwenye mkebe wa vyuma asiyejua vya nini alikuwa jambo la kumwita afande. Tulikaa kando ya barabara hadi jua likaelekea kushuka. Mama mkwe aliomba, mume wangu alieleza, mtoto alilia. Baba mkwe aliketi juu ya jiwe na kuutazama mlima. Hatimaye afisa Mzungu alikuja, akachukua plagi moja, akaigeuzageuza, akacheka, akasema twende. Tulipokuwa tumepanda sote, baba mkwe alishuka tena, akaanza kuziokota plagi moja moja kutoka vumbini na kuzirudisha mkebeni, mbele ya askari wote wenye bunduki. Alipomaliza alifunga kifuniko, akazungusha hendeli ya mbele ya gari, likawaka.

"Baba, ungetuua," mume wangu alisema tulipofika nyumbani.

"Hazikuwa zao," alijibu.

Mwaka uo huo serikali iliwaondoa Wakikuyu wa mtaa wetu, ikiwashuku wote kuwa upande wa waasi. Mkabala na sisi aliishi muuza makaa na mkewe na watoto, na baba mkwe alikuwa na uadui naye wa muda mrefu kwa sababu vumbi la makaa lilifika kwenye gari. Hawakusalimiana. Asubuhi ile askari walipowatoa nje wakaambiwa wachukue wanachoweza kubeba, baba mkwe alirudisha gari nyuma mpaka mlangoni mwao, akafungua mlango wa mbao, akaanza kupakia magodoro. Askari walimzuia. Walisema watu hao wanakwenda kwa lori la serikali. Alibishana nao kidogo, kisha akayashusha magodoro yote, akayapanga vizuri kando ya njia, akalirudisha gari mahali pake. Jumamosi alizitoa plagi kama kawaida. Sikumsikia akimtaja muuza makaa tena, kwa wema wala kwa ubaya.

Sikumbuki nilianza lini kushuku macho yake. Alianza kuzinusa plagi. Akiinua moja aliisogeza puani, akaipitisha kidole, akasema, "Hii ni kavu," au "Hii ina mafuta," na mara nyingi alikuwa sawa, nami nikadhani ni ufundi. Kisha akaanza kukosea rangi. Aliweka juu ya madigadi plagi nyeupe kama mfupa akasema ni kahawia safi. Nikamwambia mtoto mgongoni, "Hii naona kama nyeupe," naye akaichukua tena, akaipeleka juani. "Jua la leo ni baya," aliliambia gari. Tangu hapo jua lilikuwa baya kila Jumamosi. Kupima mwanya akaniachia mimi kabisa, kwa kisingizio kwamba vidole vya mwanamke ni vyembamba.

Lakini kuendesha aliendesha. Barabara za Nakuru alizijua kwa mgongo. Aliendesha polepole, mwili umeegemea mbele, na sisi tulisema ni uzee.

Kisha mama mkwe akaugua Molo. Dada yake alikuwa ameolewa na mfanyakazi wa shamba moja la huko, na kila msimu wa viazi mama mkwe alikwenda kumsaidia kuvuna. Dereva wa lori la viazi alituletea habari adhuhuri: tumbo lilikuwa limemshika tangu jana, hawezi kusimama. Mume wangu alikuwa zamu ya Kisumu. Nilimwacha mtoto kwa jirani, nikapanda nyuma. Baba mkwe hakusema niende wala nisiende.

Molo kulikuwa na ukungu na manyunyu. Barabara ya kuingia shambani ilikuwa tope jekundu, na nilimshukuru yule askari wa vita aliyefikiria gari la kuvuta kwa magurudumu yote. Tulimkuta mama mkwe amejikunja kwenye mkeka, midomo imekauka. Tukamlaza kwenye kiti kirefu cha nyuma, kichwa chake mapajani mwangu, tukaanza kurudi.

Tulikuwa hatujafika barabara kuu injini ilipoanza kukohoa. Ilivuta, ikakata, ikavuta. Kwenye kilima kidogo ikashindwa kabisa kupanda. Baba mkwe alivuta breki, akashuka, akafungua boneti huku injini ikitetemeka, akaanza kuvua waya za plagi moja baada ya nyingine kwa kitambaa. Nilijua anachofanya. Ukivua waya wa plagi nzima, injini inalalamika zaidi. Ukivua wa plagi iliyokufa, haibadiliki kitu. Ya tano haikubadilisha kitu. Alizima, akaifungua, akaiinua kwenye mwanga hafifu, akaipangusa, akaipuliza, akairudisha. Akapiga hendeli. Ikawa vile vile. Akaitoa tena, akaipangusa tena.

Mama mkwe alinishika kitambaa cha gauni. "Nenda ukamwangalilie," alisema. Hakusema ukamwangalie. Ukamwangalilie.

Nikaweka kichwa chake juu ya kanga, nikashuka kwenye tope. Plagi ilikuwa mkononi mwake, karibu kabisa na jicho. Kwenye kauri nyeupe, kutoka juu hadi kwenye chuma, kulikuwa na ufa mweusi ambao mtu angeuona akiwa upande wa pili wa barabara.

Nililiambia gari, "Kauri ya hii imepasuka. Cheche inatorokea pembeni."

Manyunyu yalikuwa yakimwangukia juu ya kofia.

"Ufa uko wapi?" aliuliza. Aliniuliza mimi. Alikuwa amenigeukia.

"Hapa, Baba. Umeshuka mpaka chini."

Alipitisha ukucha, akaupata. Kisha akaenda kwenye kiti chake, akaitoa ile plagi mpya, akaichana karatasi kwa meno, akanyoosha mkono. Nikangoja aiweke kwenye madigadi.

"Shika," alisema. "Hakuna wakati."

Nikaipokea kutoka mkononi mwake. Nikapima mwanya, nikagonga kiulimi kidogo juu ya bampa, nikapima tena, nikaifunga kwa vidole mpaka ikakaa. Nikamnyooshea spana aikaze.

"Kaza mwenyewe."

Nikakaza, nikarudisha waya. Injini iliwaka ikatulia, ikapanda kilima kana kwamba hapakuwa na kilima.

Barabara kuu ukungu ulikuwa mzito zaidi. Niliketi tena nyuma na kichwa cha mama mkwe mapajani, na kwa mara ya kwanza niliitazama barabara kama mtu anayeendesha. Mbele yetu kulikuwa na ng'ombe. Niliwaona mapema kabisa. Yeye hakupunguza mwendo.

"Ng'ombe," nilisema. "Mkono wa kushoto. Wawili wamevuka, mmoja bado."

Akapunguza.

"Sasa njia iko wazi. Kuna lori linakuja, limewasha taa. Sasa daraja."

Hivyo ndivyo tulivyofika Nakuru. Nilisema kilichokuwa mbele, naye alifanya, na kati yetu mama mkwe aliuma kona ya kanga. Alipasuliwa jioni ile ile, na akapona.

Nilipompelekea uji hospitalini, siku ambayo sasa aliweza kukaa, nilimwambia kwa kuzungukazunguka kwamba Baba haoni vizuri.

"Mimi ndiye humwambia shati lipi ni jeupe," alisema. "Wewe ulidhani sijui?"

"Mbona hamkusema, Mama?"

"Nimwambie nani? Mume wako? Wale wawili wakianza hapo watamalizia wapi?" Alikunywa uji kidogo. "Mimi nimeolewa naye. Siwezi kumwambia. Akisikia kwangu atajua kwamba nimekuwa nikimhurumia."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika, nadhani kwa sababu niliona kazi hiyo imeachwa kwangu, mtu ambaye hakuruhusiwa hata kumtazama usoni. Kila Jumapili watoto wa mtaa walipanda gari lile kwenda kanisani, wangu akiwa miongoni mwao, wamenyamaza kama walivyoamriwa.

Jumamosi nilingoja aivue plagi ya kwanza. Nilisimama upande wangu wa boneti na kitambaa changu. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno jikoni, na yote yakanipotea.

"Wewe gari," nilisema, "anayekuendesha hamwoni ng'ombe mpaka amfikie. Mwanangu hatapanda tena. Na nitawaambia akina mama wengine."

Nilisikia sauti yangu na nikajuta ukali wake, siyo maneno. Baba mkwe aliendelea kuifuta plagi ile muda mrefu, ingawa ilikuwa imeshatakata. Nilidhani atanifukuza. Alikuwa na haki ya kunirudisha kwetu, na wapo waliorudishwa kwa makosa madogo kuliko hilo.

"Gari limesikia," alisema.

Akaingia ndani. Mama mkwe alipotoka hospitalini, baba mkwe alimpa ufunguo, naye akampa mume wangu. Mume wangu alidhani ni heshima amepewa kwa kupandishwa cheo pale stesheni. Aliwaambia marafiki zake, akawaalika chai. Baba mkwe aliketi nao na hakumsahihisha.

Kazi ya plagi ikawa yangu. Alijiwekea sanduku kivulini, akakaa na fimbo kati ya magoti, nami nikazisoma kwa sauti.

"Ya kwanza kahawia. Ya pili kahawia. Ya tatu ina masizi kidogo."

"Ya nne?"

"Ina mafuta."

"Ya sita?"

"Ina mafuta, Baba. Mengi."

"Basi ndani kumeisha," alisema siku moja, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Plagi haitasaidia. Mwambie mume wako aliuze kabla halijamwaibisha."

Mume wangu hakuamini mpaka alipobishana nalo mwezi mzima. Lilichukuliwa na mkulima wa kabichi wa Molo aliyekuwa na injini nyingine kwenye banda lake. Siku lilipoondoka baba mkwe hakutoka nje. Alisema lina kelele. Msimu ule ule yeye na mama mkwe walirudi nyumbani magharibi, kwenye ardhi yao, na mtaani hapo palipoegeshwa gari pakaota majani.

Nilimwona tena miaka ya hamsini ikielekea kwisha. Nilikwenda peke yangu kumzika shangazi yangu, na kabla ya kurudi nikapita kwao. Mama mkwe alikuwa ameenda sokoni. Baba mkwe alikuwa barazani, kwenye kiti cha kamba, amekonda, macho yake yamefunikwa na weupe. Nilikuwa na mafua makali ya matanga na sauti yangu ilikuwa imekwisha. Nilibisha hodi kwa kikohozi.

"Kaa, mama," alisema. "Mwenye nyumba anakuja."

Hakuuliza mimi ni nani. Nilikaa kwenye ngazi. Alianza kuongea akiwa amenielekezea uso, jambo ambalo hakuwahi kulifanya ila siku ile moja kwenye tope. Aliongea juu ya mahindi, kisha juu ya Nakuru.

"Kule nilikuwa na gari. Mke wa mwanangu ndiye aliyeninyang'anya. Mwanangu hawezi kunyang'anya hata kuku nafaka. Ni mke wake. Alisimama mbele yangu akasema mtoto wake hapandi. Nilikuwa na hasira, mama. Nilitaka kumrudisha kwao."

Nilikaza kanga mabegani.

"Sikumrudisha kwa sababu nilijua. Siku ile tunakwenda Molo kumchukua mke wangu, kwenye ile njia ya shamba, nilisikia kitu kimegonga mbao za ubavuni. Ko! Kama fimbo. Nilijua ni fimbo ya mtu. Sikuona mtu. Na sikusimama." Alishusha pumzi. "Nilisema nikisimama mke wangu atakufa. Mpaka leo nalala nasikia. Ko. Sijui kama niligonga fimbo tu au nilimgonga mwenyewe. Sikumwuliza mtu. Ningemwuliza nani?"

Mimi nilikuwa nimesahau kabisa. Lilinirudia pale pale kwenye ngazi, dogo, kama picha ya tukio la mtu mwingine: tope, dirisha la nyuma lisilofunga, na mtu. Nilikuwa nimedhani kwamba baba mkwe alimwona na kwamba alikuwa na haraka.

"Alikuwa mzima," nilisema kwa ile sauti iliyobaki. "Nilimwona kwa dirisha la nyuma."

Hakushtuka kusikia mgeni akisema hivyo. Aliinamisha kichwa tu, kama mtu anayesikiliza injini.

"Alikuwa ameanguka?"

"Aliruka mtaroni mwenyewe. Akasimama. Akaokota fimbo yake akatupungia, akatutukana."

"Alitutukana?"

"Sana, Baba."

"Alisemaje?"

Nikamwambia. Yalikuwa maneno ambayo mke wa mwana hapaswi kuyajua, sembuse kuyatamka mbele ya baba mkwe, nami niliyatamka yote kama nilivyoyasikia, juu ya macho yake, na mama yake, na mahali ambapo angeweza kulitia gari lake. Alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Alicheka mpaka fimbo ikamdondoka, mpaka akashikwa na kikohozi, machozi yakimtiririka kutoka kwenye yale macho meupe, na kila alipotaka kunyamaza aliomba nirudie la mwisho.

Mama mkwe alitukuta hivyo, kikapu kichwani, akasimama uani akimtazama mumewe akijifuta uso kwa shati.

"Amekwambia nini huyu?" aliuliza.

"Habari za Nakuru," alisema baba mkwe. "Mpikie chai. Ametoka mbali."